Kisanamu Kizito

Kisanduku cha saba kilikuwa kizito kuliko vingine kwa gramu kumi na nne.

Nermin alikipima tena, amejibanza nyuma ya rafu dukani kwa Kemo, mjini Zenica, kimizani cha sonara kiganjani. Visanamu vya mchezo wa mezani huuzwa ndani ya visanduku vilivyofungwa, kila mtu aambulie bahati yake: zimwi, shujaa, mchawi. Kupima ni kuwaibia wenzako bahati, naye alilijua hilo.

"We Nermin, unachagua tikitimaji huko?" Kemo alipaza sauti.

"Naangalia tu."

"Hakuna kuangalia, bwana! Chukua, kalilie kwako."

Ndani mlikuwa na mwanamke aliyejifunika gubigubi, urefu wa kidole gumba, asiyekuwemo kwenye orodha yoyote. Alinuka udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo. Nermin alimweka kabatini, kwenye rafu ya kioo, akachekelea: nchi nzima hakuna mwenye huyu.

Wiki ile sketi ya Ajna, binti yake wa miaka saba, ilianza kumvuka. Hospitali walimpima damu, hawakuona kitu. Kabatini kukaanza mlio, ti, ti, ti, kama ukucha juu ya kioo. Siku ya tisa rafu ilipasuka, na Nermin akalazimika kukiinua kisanamu kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mizani ya bafuni, akasoma kilo tano, zile zile alizopungua mtoto.

Angekitupa siku hiyo. Hakukitupa. Alikuwa bado anakitamani, Mungu amsamehe. Siku tatu baadaye, Ajna aliposhindwa kuinua kijiko, ndipo alipokwenda kukitumbukiza katika mto Bosna. Aliporudi alikikuta kabatini, kinachuruzika maji.

Šejla, mkewe, akamwita Bibi Hasnija, mmwagaji wa risasi, mganga anayeagua hofu kwa kumimina madini hayo majini. Wakamfunika Ajna shuka, wakashika bakuli la maji juu ya kichwa chake. Bibi akasoma Ayatul Kursi, akaimimina risasi iliyoyeyuka. Kwa kawaida hutokea umbo la kilichomtisha mtu, mbwa au nyoka. Safari hii ulitokea mkono umeshika kisanduku.

"Nani kamleta huyu?" bibi akanong'ona.

"Mimi, bibi. Nilipima. Nilimchagua."

"Mwanangu, jini aliyejiingilia hufukuzwa. Uliyemchagua mwenyewe, mimi simuwezi."

"Baba Ajna," Šejla alimvuta shati, "mtoto anakwisha. Fanya kitu!"

Nermin akapiga magoti mbele ya kabati, akaweka paji la uso kwenye mbao zenye unyevu, na huku mlio ule ukipiga ndani ya fuvu lake na harufu ya udongo ikimjaa kooni, akasema mwache mtoto, yeye hakukutaka, mimi ndiye niliyekutaka, nichukue mimi.

Mlio ukakoma.

Shuka likafunuka. "Mama," akasema Ajna, "kuna pita ya viazi?"

Šejla alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia jikoni kumkatia mkate ule mwembamba uliojazwa viazi.

Nermin alimsindikiza bibi. Theluji ilikuwa imeanguka nene walipokuwa ndani, ikafuta njia yote. Walipofika barabarani, Bibi Hasnija aligeuka kutazama walikotoka, kisha akamdaka Nermin mkono kwa nguvu, kama anayewahi nguo kambani siku ya upepo.

Kutoka mlangoni hadi pale waliposimama, kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, za bibi.