Siku Anania Alipomsalimia Baba

Kila alasiri, akitoka shule, Theodosia alianika muhogo nyuma ya nyumba ya bibi yake huko Nyakitonto, wilayani Kasulu. Mdogo wake Anania, wa miaka mitano, alifukuza kuku. Lakini pikipiki ikipita tu barabarani, Anania alitupa fimbo na kujibanza nyuma ya gunia la maharage.

"Toka, si baba," Theodosia alimwambia.

"Umeiona rangi?"

"Ya bluu."

Pikipiki ya baba yao, Venanti, ilikuwa nyekundu.

Mama yao, Dorcas, alikuwa amewatorosha kutoka Murungu, Kibondo, mkono wake ukiwa umevunjika. Sasa baba alikuwa ameiomba mahakama impe watoto. Mama alisema alipigwa. Baba alisema mama aliteleza kisimani. Theodosia alipoulizwa na Bi Josephina, afisa ustawi wa jamii, naye alisema, "Aliteleza." Mama hakumgombeza. Alimtazama tu, akaendelea kumenya muhogo kwa mkono mmoja.

Siku mbili kabla ya hukumu, shangazi Loyce, dada yake baba, alifika na kilo ya sukari.

"Mwanangu, umerefuka! Utagonga paa la mahakama!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Neno lako ni lile lile la kisimani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Lishike hapo hapo. Mambo ya nyumbani hayatoki nje. Nyie ni wa ukoo wetu, ng'ombe wa mahari walitolewa. Ukisema vingine baba yako atafungwa, na aliyemfunga ni wewe."



Ijumaa, siku ya hukumu, Theodosia, Anania na mama waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha hakimu pamoja na Bi Josephina. Mlio wa pikipiki ukasikika, ukakaribia, ukazimika. Ilikuwa nyekundu. Baba akaja na shati jeupe, akitabasamu.

"Anania, njoo unisalimie, mwanaume wangu!"

Kwao, mtoto humsalimia mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu. Anania alisogea, akainama. Lakini viganja vyake havikukutana. Viliruka juu vikafunika kichwa, akabaki hivyo hivyo, akisubiri.

"Huyu naye kwa mizaha!" baba akasema.



Theodosia alitazama shingo nyembamba ya mdogo wake. Kule Murungu hakukuwa na gunia la kujificha. Akavuta mkono wa Bi Josephina, wakasogea pembeni.

"Nilikudanganya," alinong'ona. "Siku ile hatukwenda kisimani, mvua ilinyesha kutwa. Baba alimpiga mama kwa mchi. Mimi nilikuwa nimemziba Anania macho."

"Utaweza kumwambia hakimu?"

"Baba atafungwa?"

"Hilo si mzigo wako, mwanangu. Leo hakimu anaamua nyinyi mtaishi wapi."

Hakimu alikuwa mama wa makamo, hakuvaa joho. Alimwacha baba nje, akamsikiliza Theodosia mpaka mwisho. Kisha akaisoma tena barua ya daktari iliyoeleza jinsi mfupa ulivyovunjika, akaiweka chini polepole.

Mchana alitoa uamuzi mbele ya wote. Watoto wataishi na mama yao. Baba atawaona mara moja kwa mwezi ofisini kwa Bi Josephina, naye akiwepo. Asikanyage Nyakitonto. Habari ya mkono ipelekwe polisi, dawati la jinsia na watoto. Baba alitoka bila kuaga. Pikipiki ilinguruma nje kwa muda mrefu bila kuondoka.

"Nimevunja heshima?" Theodosia aliuliza.

"Hapana," Bi Josephina alisema. "Kumwinamia mkubwa ni heshima. Kunyamaza ili mtu aendelee kuumizwa si heshima. Siri kama hiyo humlinda anayepiga tu. Mpelekee mtu mzima unayemwamini. Akikupuuza, mwambie mwingine, hata mwalimu wako."

Nje, mlio uliondoka, ukafifia.

"Imeenda wapi?" Anania aliuliza kutoka nyuma ya kitenge cha mama.

"Kibondo," mama alisema. "Na sisi tunakwenda nyumbani."

Anania alijitokeza taratibu. Akamwinamia Bi Josephina, na safari hii makofi yakasikika.