Moshi Uliokataa Kupanda

Asubuhi ile nilikuwa nachemsha chai huku nahesabu vikohozi vya bibi. Nahesabu kimya kimya, kwa vidole. Mpaka chai inachemka alikuwa amekohoa mara kumi na tisa.

Bibi ni mama yake baba. Nalala naye chumba kimoja. Ana pumu ya siku nyingi na dawa yake ya kuvuta kwa mdomo, na anaitumia vizuri. Lakini kwa miezi miwili hiyo, kila alfajiri kifua kilikuwa kinambana. Siku hiyo alipopata nafuu kidogo akaniita, "Mke mwenza, hesabu za shuleni unafeli, ila za vikohozi vyangu hukosei hata moja."

Nilicheka kwa mdomo tu. Baba alishaamua. Jumamosi bibi anahamia kwa shangazi, safari ya kutwa nzima kwa basi, maana hewa ya huku imemkataa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Sanduku la bibi lilikuwa chini ya kitanda, limeshajaa nusu. Hakuna aliyetaka aende. Hata baba mwenyewe, akilitaja jambo hilo, anaangalia pembeni.

Na si kwamba hatukujitahidi. Daktari wa zahanati alisema bibi apate hewa safi. Basi mama, kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafungua dirisha la bibi lote. Anataka iingie hewa mpya, ile ambayo bado haijavutwa na mtu.

Baba naye ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Kila siku maranda na unga wa mbao vinajaa, na baba huwa anavichoma. Zamani alikuwa anachoma jioni. Miezi miwili iliyopita jirani akalalamika kwamba nguo zake kambani zinanuka moshi. Baba hapendi kumkera mtu. Tangu hapo anaamka saa kumi na moja, anachoma watu wakiwa bado wamelala, ili wakiamka moshi uwe umeshaenda zake.

Kila mtu alikuwa anafanya wema. Bibi ndiye alikuwa anaumia.

Nyumba yetu iko bondeni. Njia ya shule inapanda mlima. Siku hiyo nilipofika katikati nikageuka nyuma. Moshi wa baba ulikuwa unapanda vizuri, wima, mpaka usawa wa tangi la maji lililo karibu na karakana. Hapo ukasimama. Halafu ukalala, ukatandaa juu ya mapaa yetu kama shuka, kama vile kuna dari ambayo mimi siioni. Nikajiuliza, moshi si huwa unapanda juu ukapotea? Huu umezuiwa na nani?

Karibu na shule kuna kituo cha hali ya hewa. Anayefanya kazi pale tunamwita Mama Puto, kwa sababu kila saa moja asubuhi anaachia puto kubwa jeupe lenye kijisanduku cha kupima joto la angani. Miaka mitatu nimekuwa nikisimama kwenye uzio wake kulitazama, bila kumsalimia. Mimi nina aibu. Mwalimu akiniita jina natazama viatu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimebakiwa na siku tano tu. Nikasema shikamoo. Sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Marahaba," akasema. "Kumbe unaongea. Nilidhani nimeletewa mlinzi wa uzio."

Nikamwonyesha moshi, nikamweleza habari za bibi. Mama Puto akatazama bondeni.

"Mmefunikwa," akasema. "Kile ni kifuniko."

Akanieleza huku anafunga uzi wa puto. Hewa yote inayoizunguka dunia inaitwa angahewa, na imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama mablanketi. Sisi tunaishi ndani ya tabaka la chini kabisa. Mawingu, mvua na upepo viko humo. Jua linapasha zaidi ardhi, halafu ardhi ndiyo inaipasha hewa, kama jiko linavyopasha sufuria kuanzia chini. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda. Ya baridi ni nzito, inashuka kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kwa kawaida ukipanda juu unakuta baridi.

Puto likishapanda kilomita kama kumi na sita hivi, linaingia tabaka la pili. Huko mambo yanageuka. Kuna gesi ya ozoni inayonyonya miale mikali ya jua, kwa hiyo kadiri unavyopanda, joto linaongezeka. Hewa ya baridi iko chini, ya joto iko juu, na ya chini haina nguvu ya kupanda tena. Hata mawingu makubwa ya mvua yakifika pale yanatandaa. Juu zaidi yako matabaka mengine, ila puto halifiki. Linavimba, linavimba, mwisho linapasuka.

"Sasa asubuhi bondeni kwenu kunakuwa na kifuniko kidogo kinachofanya kazi hiyo hiyo," akasema.

Usiku ardhi inapoa. Hewa inayoigusa inapoa nayo, inakuwa nzito, inateremka bondeni na kutulia humo kama maji kwenye bakuli. Juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi. Moshi ukipanda unapoa njiani, unakuta hewa ya juu ni nyepesi kuliko wenyewe, unakwama.

"Kwa hiyo baba anachoma saa mbaya kuliko zote," nikasema.

"Na mama yako anaufungulia moshi dirisha."

Nikamuuliza kifuniko hicho kinaondoka saa ngapi. Akasema jua likishaipasha ardhi, hewa ya chini nayo inapata joto, inaanza kupanda, kifuniko kinavunjika. Siku nyingi ikifika saa nne kimekwisha. Lakini akanionya nisije nikasema nyumbani kwamba basi tuchome saa nne. Moshi ukipanda haupotei, kuna mtu mahali atauvuta. Dawa ni kutochoma kabisa, hasa mbao zenye rangi au vanishi, maana moshi wake una sumu. Na bibi asiache dawa yake. Mwisho akanipa namba yake ya simu na vipimajoto viwili, akavifunga kwenye kitambaa. Alisema baba akikataa kuamini, apime mwenyewe.

Jioni nikasema yote, macho nimeyakaza kwenye meza. Baba alicheka kwa upole. "Mwanangu, juu ni baridi kuliko chini. Hilo hata mbuzi analijua."

Nikafungua kitambaa, nikavisukuma vipimajoto mbele yake. Baba haamini maneno, anaamini futi. Akavitazama, akavigeuza, akaviweka mfukoni.

Jumanne alfajiri hakuchoma. Alitundika kipimajoto kimoja karibu na kizingiti cha karakana, kingine akapanda nacho ngazi mpaka kwenye tangi. Mimi nikashika ngazi. Tukangoja kidogo.

"Chini hapo?" akauliza.

"Kumi na tatu."

Akakisoma cha kwake mara mbili. "Huku kumi na sita."

Akashuka, akavibadilisha, cha chini akakipeleka juu na cha juu akakileta chini. Alidhani kimoja kimeharibika. Majibu yakawa yale yale. Baba akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, mikono magotini.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili namfukiza mama yangu mzazi kama nyuki."

Kutoka dirishani bibi akajibu, "Na asali hukupata."

Tangu siku hiyo hakuna kilichochomwa. Mwanamke mmoja anayefuga kuku alikuja na magunia, akachukua maranda safi ya kutandika bandani, akaomba awe anakuja kila wiki. Vipande vya mbao vyenye rangi au vanishi vinakaa kwenye gunia la peke yake vikingoja gari la taka. Mama sasa anafungua dirisha jua likishapanda. Mimi niliendelea kuhesabu. Jumatano vikohozi kumi na kimoja. Alhamisi sita. Ijumaa viwili.

Jumamosi bibi aliamka mapema, akavaa nguo za safari, akajifunga mtandio, akakaa kitandani kama mgeni. Baba akaingia. Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Bibi akasimama amfuate. Baba akalinyanyua, akaliweka juu ya kabati.

Bibi akalitazama kule juu. "Basi haliondoki?"

"Limepata pancha," baba akasema.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akafungua mtandio taratibu, akaukunja, akaniambia eti ni afadhali, kwa shangazi jogoo anawika saa nane za usiku. Mama alikuwa mlangoni anafuta macho kwa upande wa khanga. Nikamwomba simu yake.

Nikaandika, "Shikamoo. Leo bibi amekohoa mara moja tu, na ni kwa sababu ya kucheka. Haondoki tena. Asante. Ni mimi wa kwenye uzio."

Nikatuma.

"Amejibu?" bibi akauliza.

"Bado."

Ilikuwa saa moja kamili. Tukasogea dirishani, mimi na yeye. Juu ya mlima puto likachomoza, jeupe, likapanda bila kukwama, tukalifuata kwa macho mpaka likawa nukta. Bibi akaniuliza tena kama amejibu. Nikatazama simu. Bado.