Usimfute Pamba Pua

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi alimfuta sungura wake pua. Pamba alikuwa mweupe, mnene, na makao yake yalikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Huyu mume mwenzangu anadekezwa," mumewe, mwoka mikate, alitania. "Mimi sijawahi kufutwa pua."

"Ana mafua, baba watoto. Mwonee huruma."

Lakini mafua yale hayakuisha. Pamba alianza kukoroma akiwa macho. Alisusa majani yake. Kisha damu ikaonekana kwenye kitambaa, na fundi akaingiwa na hofu ya kumpoteza.

Walimbeba kikapuni hadi kwa daktari wa mifugo. Mlangoni, fundi alimfuta tena mpaka akang'ara.

"Pua safi kabisa!" daktari alisema. "Makamasi hutoka upande gani?"

"Sijui, daktari. Nafuta tu. Ningekuleteaje mgonjwa mchafu?"

"Ungemleta vivyo hivyo, mama. Uchafu huo ndio unaonieleza ugonjwa. Mafua mara nyingi hutoka pande zote mbili. Upande mmoja tu, tena na damu, huenda kuna kitu kimeota ndani. Na sungura hupumua kwa pua, ikiziba, anateseka. Tusubiri, bila kufuta."

Walisubiri. Mkono wa fundi ulimwasha kwa hamu ya kufuta. Mumewe akaushika, akaukumbatia kwa viganja vyake viwili. Hatimaye tone likachungulia. Kushoto.

Picha ya eksirei ilionyesha uvimbe mdogo karibu na tundu la pua. Daktari alimlaza Pamba kwa dawa ya usingizi, akautoa, akapeleka kipande maabara.

Majibu yalikuja: saratani.

"Ni kosa langu?" fundi aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Hapana, mama. Saratani ya pua ni nadra sana kwa sungura, wala hukumwambukiza. Bahati nzuri uvimbe ulikuwa mdogo, nimeutoa wote niliouona. Uvimbe unaweza kurudi, kwa hiyo mtazame kila siku."

Sasa Pamba anatafuna majani tena, na kuiba nyuzi. Kila asubuhi fundi huinama, hutazama kwanza, na kitambaa hubaki mfukoni.

"Kulia pakavu. Kushoto pakavu."

"Na mimi?" mumewe huuliza, akisogeza uso.

Fundi humkagua kwa makini. "Unga, pande zote mbili," husema, kisha humfuta pua.