Mgeni Aliyepiga Hodi Kwenye Kompyuta

Ubaya mkubwa hauji na ngoma. Huu ninaousimulia ulikuja na kisanduku kidogo kwenye kioo cha kompyuta, na mahali pa jina palikuwa patupu.

Konsolata alikuwa anakunywa uji. Ndiye aliyekaa mapokezi katika zahanati moja ndogo pembeni mwa Ifakara, njia ya kushukia mtoni. Mwanamke mpole, kicheko hakikai mbali na mdomo wake. Kazi yake ilikuwa kuandika wagonjwa ndani ya mashine: jina, ugonjwa, dawa aliyopewa, na akipona, amepona. Jioni anachomeka diski, mashine inajitolea nakala, kisha diski anaifungia kabatini na dawa. Na mashine ikisumbua, fundi Faustin, aliyekaa Morogoro, aliingia humo kutoka hukohuko aliko. Alipiga hodi kwanza. Kisanduku kinatokea: Faustin anaomba kuingia, kubali au kataa. Konsolata anabonyeza kubali, kile kishale cha mausi kinaanza kukimbia bila mkono wa mtu, naye anakaa pembeni akimtania, "Karibu fundi, tembea tu, nyumba ni yako."

Faustin alimwonya na kumwonya. "Dada, soma jina kwanza. Kama si langu, kataa."

Lakini Konsolata alilelewa Kiberege, na mama yake alimfunza kwamba hodi haiachwi ikining'inia mlangoni. Uwe unavaa, uwe una kilio, unaitikia karibu kwanza, mtu utamwona baadaye. Wangapi kati yetu tulifunzwa vingine?

Basi siku hiyo umeme ulikatika asubuhi, ukarudi jua likiwa utosini, ile saa ambayo bibi zetu walituita tutoke njiani: "Ingieni ndani, wenye njia yao wanapita." Mashine ikawaka. Kisanduku kikatokea. Hakuna jina. Konsolata, uji mdomoni, akasema, "Karibu," akabonyeza.

Kishale hakikukimbia kama cha Faustin. Kilitambaa. Kilishuka kwenye majina ya wagonjwa taratibu, kama kidole cha mtu anayejifunza kusoma, kikasimama kwa Agapiti, mkulima wa mpunga aliyejikata mguu kwa panga masika yaliyopita. Faili likafunguka. Na pale palipoandikwa amepona, herufi zikafutika moja moja kutoka nyuma, mpaka likabaki faili la siku ile aliyoletwa damu ikimwagika. Chumba kikanuka tope la mtoni, na samaki aliyesahauliwa juani.

Konsolata akampigia fundi. "Faustin, leo unatambaa kama mgonjwa. Hukulala?"

"Shikamoo dada. Mimi niko juu ya bodaboda. Kompyuta nimeiacha nyumbani."

"Acha utani wewe."

"Kwa jina la mama yangu, dada. Kwani kuna nini?"

Konsolata akakitazama kishale. Kilikuwa kimetulia katikati ya kioo, kama mtu anayesikiliza maongezi yasiyomhusu.

"Sasa humu ndani yuko nani?" akanong'ona.

"Chomoa modemu. Chomoa sasa hivi!"

Akachomoa. Intaneti ikafa, lakini kishale kikaendelea kutembea. Faustin akamwelekeza kuifuta ile programu ya kupigia hodi, akaifuta, nayo ikarudi palepale ilipokuwa. Akamwambia abadilishe nenosiri, akabadilisha, na herufi alizozificha zikajiandika wazi kwenye kioo.

"Basi chomeka diski," Faustin akasema. "Turudishe bakapu ya jana."

Konsolata akachomeka, na kishale kikairukia diski kama mbwa aliyeona mfupa. Nakala ya jana ikatoweka, na ya juzi, na zote, na ndani ya diski pakabaki patupu kama mtungi uliopasuka.

 Faustin akasema polepole, "Nimeharibu, dada. Nakala pekee uliyonayo huichomeki kwenye mashine inayoumwa. Hata mtoto wa chuo analijua hilo."

Jua lilipopinda kidogo, kishale kikalala. Na kwenye baraza pikipiki ikafunga breki, mke wa Agapiti akishuka na mayowe. Mguu wa mumewe ulikuwa wazi mpaka mfupa. Hakuna panga wala jembe lililomgusa. "Alikuwa amekaa anakula," mama wa watu alilia, "mkononi ana tonge! Kovu likajifungua lenyewe kama mdomo!"

Tabibu Telesphory, mkuu wa zahanati, alimshona akitokwa na jasho. Konsolata alipomweleza, akamcheka kwa hasira. "Jini gani hilo linalojua nenosiri? Ni virusi, Konsolata. Virusi vya kompyuta. Nenda nyumbani."

Kesho yake jua likiwa utosini kishale kikaamka. Kikafuata majina kwa mpangilio wake, kama mwalimu anayeita mahudhurio: Angelina, aliyepona kifua kikuu, akaanza kutapika damu sokoni. Eustaki, aliyeumwa na nyoka kabla ya mavuno, mkono ukamvimba akiwa kanisani anapanga viti. Telesphory alisimama nyuma ya Konsolata, akaona kwa macho yake herufi zikifutika, akasikia feni ya mashine ikivuta pumzi na kuishusha, ikivuta na kuishusha, nzito na yenye maji ndani yake, mpaka naye akajikuta anavuta pamoja nayo, na alipotaka kuacha hakuweza hadi kishale kilipolala. Hakusema virusi tena.

Konsolata alikuwa anatazama jina lililofuata chini huko. Jenifer. Binti yake.

Masika yaliyopita malaria ilimpanda Jenifer kichwani. Alilala kama gogo, macho wazi, hamjui mama wala baba, na baba yake, Ildefonce, alikwishaanza kuulizia mbao za jeneza. Mtoto alirudi kwa kudra tu. Siku ile mbaya ilikuwa humo ndani ya faili, inasubiri jua la kesho.

Akaikamata kompyuta aivunje. Kioo kikawaka, na maneno yakajiandika:

Uliniambia karibu. Nyumba ikivunjika, nitahamia kwa mwenye nyumba.

Watu walikuwa wamejaa barazani, maana habari mbaya haihitaji nauli. "Ndiye huyu!" mmoja akapiga kelele. "Ameyauza majina yetu!" Bonge la tope likampiga Konsolata shavuni. Mwanamke aliyemsukia nywele juzi tu akamwambia, "Na jina la mwanao nalo lifunguliwe, tuone kama utacheka."

Telesphory akamvuta ndani, akafunga mlango. "Panda bodaboda," akasema huku anatazama ukuta. "Vuka daraja, nenda Lupiro, kamlete shangazi yangu Bibiana. Na usimwambie mtu kwamba ni mimi niliyesema."

Bibiana alikuja na rozari shingoni na kifuko cha mizizi kiunoni. Mmoja wa wale wazee wetu wanaowasalimia watakatifu na mahoka, mizimu ya ukoo, kwa pumzi moja. Hakuigusa mashine. Aliinusa tu.

"Shikamoo bibi," Konsolata alisema, magoti chini.

"Marahaba, mwanangu. Alipiga hodi?"

"Alipiga."

"Ukaitikia?"

"Nikaitikia."

"Ulimwona uso?"

"Sikumwona, bibi."

Kizee akaguna. "Mwizi tungemfukuza. Huyu ni mgeni wako, ana haki ya mgeni. Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, husindikizwa. Kesho, kabla jua halijafika utosini, ibebe hiyo mashine kichwani, nenda naye mpaka njia panda ya mtoni. Wewe mbele, yeye nyuma. Usigeuke. Mkifika, mpe cha njiani, mwagane. Atataka mtoto. Usimpe mtoto wala mali ya mtu mwingine. Mpe kilicho chako."

Basi kesho yake Konsolata akaifunga ile kompyuta ndogo kwa kanga, akaiweka kichwani, kuku mtetea kwapani kwa ajili ya cha njiani, akaingia kwenye njia ya mashambani. Mpunga ulikuwa umesimama pande zote mbili, kimya, hata ndege wanaokula mpunga hawakuwapo. Ile mashine haikuwa na umeme wala betri, Telesphory alikwishaitoa, lakini feni ilikuwa inapumua juu ya utosi wake, na nyuma yake akasikia mguu unachomoka kwenye tope, chwa, halafu mwingine, chwa, mguu mpana usio na haraka, na kadiri alivyotembea ndivyo miguu ilivyoongezeka, mara miwili, mara minne, mara kama kundi zima linalotoka kwenye mazishi, na katikati ya ile miguu akasikia sauti ya Jenifer inamwita mama, mama nimechoka, mama nibebe, akauma mdomo hadi damu ikamjaa ulimini, shingo ikamkakamaa kwa kutaka kugeuka, na hakugeuka, akatembea, akatembea, mpaka njia ikagawanyika na maji ya mto yakaonekana mbele.

Akaitua mashine chini, akaifunua huku macho yake yako kwenye kioo tu. Kiliwaka. Faili la Jenifer lilikuwa wazi, kishale juu yake, kinatetemeka kama nzi juu ya kidonda.

"Mgeni," Konsolata akasema, "tumefika. Cha njiani hiki." Akamsogeza kuku.

Kioo kikaandika: Kuku hana jina humu.

Jua lilikuwa linafika utosini. Herufi za mwisho za faili la Jenifer zikaanza kufutika, moja, nyingine. Hapo ndipo Konsolata alipopata ujanja. Alikumbuka kwamba naye ana faili. Siku Faustin alipoiweka ile mashine, miaka mingi nyuma, kabla hajaolewa, walitaka jina la kujaribia, wakaandika lake: urefu, uzito, hana ugonjwa. Hakuna kilichoongezwa tena, maana akiumwa Telesphory humpa dawa mkononi. Faili lisilo na siku mbaya. Jini litamrudisha wapi? Litauma hewa tu, liende zake.

"Mwache mtoto," akasema. "Chukua jina langu." Na kwa kidole chake mwenyewe akalifungua, akabonyeza kubali.

Feni ikanyamaza. Miguu nyuma yake ikapita kushoto na kulia kwake, ikamlowesha kanga, ikaingia mtoni, na mto ukafunga mdomo.

Telesphory na Ildefonce walimkuta amekaa njia panda, kuku anadonoa pembeni. Ilikuwa furaha kubwa, maana habari zilikwishafika: mguu wa Agapiti umefunga, Angelina anakula, Eustaki anakunja ngumi. Na Jenifer huyu hapa, amekuja mbio na baba yake, mzima.

"Shikamoo, daktari," Konsolata alimwambia Telesphory, akisimama kwa adabu. "Samahani, nimefikaje huku? Si leo ndiyo fundi anakuja kuweka kompyuta mpya?"

Ildefonce akamshika bega. Konsolata akamsukuma. "Wewe kaka vipi? Tunafahamiana?"

Jioni Bibiana alimkagua chumbani. Kovu la tumboni, pale alipopasuliwa hospitali kumtoa Jenifer, halikuwapo. Tumbo lilikuwa laini kama la mwali. Kizee akatoka nje, akakaa chini, akasema neno moja tu: "Ameagana vizuri."

Jenifer hakuelewa. Aliingia akajilaza kwenye mapaja ya mama yake kama siku zote. Konsolata, na upole wake uleule, akazipapasa nywele zake kidogo, kisha akachungulia mlangoni kuona kama kuna anayekuja.

"Mtoto mzuri," akasema, "giza linaingia. Kwenu hawakutafuti?"