Matawi Mekundu ya Njia ya Kinole

Devotha ndiye aliyeitaka safari. Tangu aone picha za midalasini ya Kinole ilivyochipua, majani machanga mekundu mlima mzima, hakumpa mumewe usingizi. Eustace, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari huko Turiani, alikuwa na Jumapili moja tu ya kupumzika kwa mwezi, na masikini alitaka kuilala yote. Lakini nani aliwahi kumshinda Devotha? Alfajiri wakamwacha binti yao Joyce, wa miaka minne, kwa jirani yao Janeth, wakawasha kigari chao wakaondoka.

Hadi Mkuyuni mambo yalikuwa shwari. Wakanunua machungwa, wakashika njia ya udongo, wakaanza kupanda. Devotha akasahau hata kumenya chungwa. Wekundu juu, wekundu bondeni, wekundu mpaka ukingoni mwa barabara. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, mbingu nyeupe haina hata wingu.

Kwenye kona moja kali Eustace akapunguza mwendo. Barabarani yalikuwa yamelazwa matawi matatu ya mdalasini, moja mbele ya jingine.

"Kuna mwenzetu kaharibikiwa huko mbele," alisema.

Hiyo ni alama ya madereva wote wa nchi hii. Gari likikufia njiani unakata matawi, unayalaza nyuma yako ili anayekuja ajihadhari. Ukishapona unayaondoa mwenyewe. Mwingine hayagusi.

Walizunguka kona. Hapakuwa na gari.

"Katengeneza, kaondoka, kayaacha. Watu wengine bwana!"

"Simama basi niyachukue," Devotha akasema. "Uliona majani yale? Yatapendeza mezani."

"Devo, acha vitu vya watu."

Alishateremka. Akarudi kwa miguu, akayaokota yote matatu, akayalaza kiti cha nyuma. Utomvu ulikuwa bado unadondoka pale yalipokatwa. Hilo aliliona, tena vizuri kabisa, ila tamaa ya kitu kizuri ilimziba akili.

Hawakwenda mbali. Mwanaume mmoja mzee alikuwa amesimama pembeni ya barabara, amevaa ovaroli lililolowa oili.

"Shikamoo mzee," Eustace akasalimia.

Hakuitikia. Aliinamia dirisha la Devotha. Harufu ikaingia kabla yake... petroli, na maganda mabichi ya mdalasini.

"Mmeyakuta matawi yangu?" alinong'ona.

Devotha aliona aibu. Aibu tu, si kingine.

"Hapana baba. Hatujaona matawi."

Mzee alitazama kiti cha nyuma. Akatazama tena uso wa Devotha, kwa muda mrefu.

"Haya."

Walipoondoka, Devotha alisikia spana ikigonga chuma chini bondeni. Kang'... kang'... kang'.

Wakapita kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa kali, na barabarani palikuwa na madoa matatu ya utomvu, moja mbele ya jingine.

Mbele ya madoa hayo alisimama yule mtu wa ovaroli.

"Huyu mzee anataka lifti nini?" Eustace akauliza.

"Eustace! Si tumempita sasa hivi?"

"Tumempita nani?"

Hakuwa anatania. Devotha alimjua mumewe akitania, pua humcheza. Moyo ukamlipuka. "Usisimame! Geuza gari, turudi Mkuyuni!"

Eustace akageuza, wakateremka. Kona moja, mbili, tatu. Madoa matatu. Mzee yuleyule, sasa amesogea katikati ya barabara; Eustace akamkwepa. Simu haikuwa na mtandao, na saa yake bado ilisema saa saba kamili.

Kang'... kang'...

"Mume wangu, twende nyumbani. Joyce atatulilia."

"Joyce ndiye nani?"

Alimtikisa bega, akamtajia mtoto, siku aliyozaliwa, homa iliyowakesha. Eustace aliendesha akitikisa kichwa kwa adabu, macho yake matupu. Wakapita kona. Madoa matatu tena, na mzee palepale. Akamgeukia akitabasamu vile mtu anavyomtabasamia abiria.

"Samahani dada. Wewe nikushushe wapi?"

Devotha akapiga ukelele. Miaka saba ya ndoa, na mwanaume anamwita dada! Akafungua mlango gari likitembea, akaanguka; gari likasimama, akainuka, akayavuta matawi kiti cha nyuma, akampigia mzee magoti.

"Ni mimi, baba. Niliyachukua, nikakudanganya. Nisamehe. Nirudishie mume wangu."

Mzee alinena polepole...

"Niliyakata kwa mkono wangu. Nikaingia chini ya gari. Akapita mmoja, akayapenda."

Spana bondeni ikanyamaza.

"Aliyekuja nyuma yake hakujua kuwa nipo."

Devotha alilia mpaka akakosa sauti. Mzee akanyoosha kidole kwenye kona.

"Yarudishe ulipoyatoa. Mumeo utampata. Lakini kilichotoka hakirudi bure. Lazima kitoke kwa mwingine."

"Chukua kwangu," Devotha akasema. Hakuuliza nini. Nani angeuliza?

Akayalaza matawi juu ya madoa, moja baada ya jingine. Alipoinua macho, barabara ilikuwa tupu. Honi ikalia nyuma ya kona.

"Devo! Kuchimba dawa gani huko kichakani nusu saa nzima?"

Alimkimbilia, akamkumbatia dirishani mpaka Eustace akalalamika shingo. Wakateremka. Kona ya tatu ilikuwa kona nyingine, na saa ikasema saa nane na robo. Njiani alimsaili kama hakimu: mama mkwe anaitwa nani? Tulifunga ndoa kanisa gani? Eustace akajibu yote, akicheka, akiuliza kama jua limempanda kichwani.

Kisha Devotha akajisaili mwenyewe, kimya kimya. Jina lake alilijua. La baba yake, la kijiji chake, hata bei ya machungwa ya asubuhi. Alipekua kila kona ya kichwa, hakuona palipopungua. Akashusha pumzi. Alikuwa mzima. Alijisikia mwepesi, hana deni na mtu, furaha tupu.

Karibu na Mkuyuni mtandao ukarudi, simu ikaita.

"Pokea, huyo atakuwa Janeth," Eustace akasema.

Devotha akapokea. Sauti ndogo ikamjia sikioni, imejaa machozi.

"Mama, mnakuja saa ngapi?"

"Nani mwenzangu?"

"Mama... ni mimi."

Devotha alimwonea huruma mtoto wa watu. Akalainisha sauti.

"Pole mtoto mzuri. Umekosea namba."

Akakata simu. Eustace akacheka, akidhani ni utani wake. Kisha akamtazama usoni, cheko likaisha, akasimamisha gari katikati ya barabara.