Mende wa Kuletwa

Kama una kitu mdomoni, meza kwanza. Hii ni hadithi ya mapenzi, sibishi, lakini ilianzia kwenye mavi ya mende na mimi sina namna ya kuyapangusa kabla hujayaona.

Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, ghorofa ya chini ya jengo la maduka, watu wanapigana vikumbo, spika za duka la simu zinazozana na spika za duka la viatu. Nyuma ya kaunta nyembamba ya kioo alikaa dada mmoja ambaye jengo zima lilimwita Fundi. Alivaa gauni la maua na aproni ya buluu, kitambaa cheupe kichwani kisicho hata na doa, kucha kazikata mpaka nyamani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za gemu, zile ambazo watu huzichomeka kwenye televisheni sebuleni wakasahau kuoga.

Foleni ikamtema kijana mrefu mwenye unga kwenye nyusi. Alikuwa mwoka mikate, ametoka zamu moja kwa moja, na wenzake walimwita Mkate. Harufu ya mkate wa moto ilimfikia Fundi kabla ya mtu mwenyewe, na moyo wake, ambao hakuna aliyeuuliza kitu, ukaitika.

"Inazima yenyewe, dada," Mkate alisema, akiiweka mashine juu ya kioo. "Nikikaribia tu kufunga, pu, giza."

"Unacheza gemu gani?"

"Mpira wa Kimarekani."

"Ule wa kugombania yai?"

"Huo huo. Usiudharau. Una akili kuliko unavyoonekana."

"Na wewe je?"

Mkate akacheka. Fundi naye akacheka, akashika bisibisi, akafungua kifuniko, na kicheko kikaishia hapo.

Walikuwa mende. Wakubwa kwa wadogo, wenye mabawa na wasio nayo, walimiminika juu ya kioo wakakimbilia pande zote. Feni lilikuwa limegandishwa na mavi yao, mayai yamebandikwa kwenye kila kona, na wale waliokufa zamani walikuwa wamekauka juu ya waya. Ikanuka kitu kama mafuta yaliyooza. Mmoja akapanda mkono wa Fundi, akaingia ndani ya gauni. Fundi hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya pazia, akatapika kwenye ndoo, akarudi akamtazama kijana usoni.

"Unalala wapi wewe, jalalani?"

"Wallahi dada, si wa kwangu. Mashine nimeinunua juzi tu, mkono wa pili."

"Kila mteja wangu huapa hivyo hivyo."

Na siku hiyo Mkate alikuwa anasema kweli. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Fundi akaisafisha kwa mswaki na spiriti, pua kaifunga kwa kitambaa. Mashine ya namna hiyo hairudishwi kabla ya kujaribiwa, lazima iwake muda mrefu hadi ipate joto, na diski iliyokuwemo ilikuwa ile ya mpira wa Kimarekani. Akacheza kwa kukosa la kufanya. Akafungwa. Akacheza tena kwa hasira. Mkate aliporudi kuichukua alimkuta ameng'ang'ania rimoti, ulimi nje, majibaba ya kwenye skrini yanamwangushia wachezaji wake kama magunia.

"Unakimbilia katikati kila mara," Mkate alisema. "Ndiyo maana wanakusubiri hapo."

"Niende wapi, na nina nafasi nne tu za kuusogeza huu mpira?"

"Wadanganye. Fanya kama unampa mkimbiaji, wote wamvamie yeye, kumbe mpira bado unao. Halafu urushe mbali."

Akajaribu. Mabeki wakamrukia mtu asiye na kitu, mpira ukapaa, ukadakwa, goli. Fundi akasimama na rimoti mkononi.

"Kumbe mchezo wenyewe ni wa uongo."

"Uongo wa halali, Fundi wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Akamwambia atoke dukani kwake. Alipotoka, Fundi akatabasamu peke yake hadi mteja aliyefuata akamuuliza kama ameokota kitu.

Sasa nisikilizeni. Mwanamume amempenda mwanamke, na mashine yake imepona. Mtu mwenye akili timamu angeomba namba ya simu. Angemkaribisha chai. Mkate aliogopa kukataliwa, na woga wake ukamfundisha jambo ambalo hata kulisimulia linanipandisha nyongo. Kule kazini, uani, mbali na tanuri, kulikuwa na ghala la magunia matupu, na mende walikuwamo. Akachukua chupa tupu ya jemu, akawaokota mmoja mmoja kwa vidole, vidole hivyo hivyo vya kukandia unga, akaenda nyumbani akawamwaga ndani ya mashine. Ptu.

"Imerudia," alimwambia Fundi wiki iliyofuata.

Fundi akafungua, akakimbilia nyuma ya pazia. Mkate akamfuata na kikombe cha maji. Fundi akaisafisha, akaiwasha, wakacheza, kila mmoja na rimoti yake, huyu upande huu wa kaunta, yule upande ule. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Na nyingine tena. Waliosema mapenzi ni kikohozi hawakumjua huyu bwana. Yeye aliyafanya kichefuchefu.

Namba ya simu ilipatikana, maana fundi lazima awe na namba ya mteja. Simu zikaanza.

"Umekula, laazizi?"

"Nile nini, na wateja kama wewe? Nikiona hata njugu, naona mende."

"Pole, mpenzi."

"Pole haisafishi feni. Hiyo nyumba yako utaipiga dawa lini?"

"Kesho."

"Kesho yako haifiki. Halafu juzi umenifunga kwa hila, nimeshajua. Ulikuwa unachungulia mbinu ninayochagua."

"Nilikuwa nakuchungulia wewe."

"Muone." Alisema hivyo, lakini hakukata simu.

Alimpenda, basi. Alimpenda na kinyaa chake chote, na hilo kwake halikuwa jambo dogo, maana Fundi ni mtu wa kuosha kijiko kabla ya kukitumia na baada ya kukitumia. Sharti lake lilikuwa moja: hakanyagi nyumba yenye mende. Mkate akaapa kuwa amepiga dawa, wameisha wote, na kweli tangu siku ile mashine haikuumwa tena. Fundi akampigia mama yake. Hajawahi kumwita mama yake aje kumtazama mwanamume, hata mara moja, na mama alijua maana yake.

"Ni msafi?" mama aliuliza.

"Anajitahidi, mama."

Jumapili wakaenda. Mkate aliishi na mjomba wake, mlinzi mstaafu aliyemlea tangu akiwa mdogo, mzee wa suruali yenye mikunjo ya pasi na viatu unavyoweza kujitazamia. Nyumba ilikuwa inang'aa. Mama, aliyevaa kitenge chake cha shughuli, akapitisha kidole juu ya meza kwa siri, akakitazama, akaridhika. Chai ikaletwa na mikate ya maziwa aliyoioka Mkate mwenyewe. Mashine ikawashwa ili mama auone huo mchezo uliowakutanisha, Fundi dhidi ya mjomba.

"Mbona wanaangushana hivyo?" mama aliuliza, anatafuna. "Hawa hawana wazazi?"

"Wanalipwa, mama," Mkate alisema.

"Hata wakilipwa."

Fundi akamdanganya mjomba upande wa kulia, akarusha kushoto, akafunga. Mjomba akapiga paja, akasema huyu binti aletwe upesi kabla hajabadili mawazo. Kila mtu akacheka. Hapo ndipo mama, kwa adabu zake, akataka kuisifia nyumba.

"Mmefanya kazi kubwa, baba. Kuwamaliza mende wote wale si mchezo."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Mende gani?"

"Mjomba," Mkate alisema.

"Hapana, ngoja. Mende gani? Mama, nyumba hii haijapata kuona mende tangu nihamie. Mende wa huyu walikuwa wa kuletwa. Alikuwa anawaokota kazini kwake anatia kwenye chupa ya jemu, kila wiki. Nilimuuliza, wewe una wazimu? Akanijibu, mjomba, nisipofanya hivi yule fundi nitamwonaje? Nikasema, basi huyu kweli kapenda." Akacheka, na alicheka peke yake.

Mama akaacha kutafuna. Akautazama mkate mkononi mwake.

"Kazini kwake ni wapi?" aliuliza, mdomo umejaa.

"Si hapo hapo anapooka."

Mama akautoa ule mkate mdomoni, akawa ameushika kiganjani, hajui pa kuuweka. Mkate akanyoosha mkono akaupokea, umelowa mate. "Mama, ghala liko mbali na jiko," alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Fundi alikuwa bado na rimoti. "Wote wale?"

"Siku ya kwanza, hapana. Siku ya kwanza nilikwambia kweli."

"Wengine wote?"

Mkate akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unasimama pale unanitazama natapika."

"Nilikuwa nakuletea maji."

Fundi akaiweka rimoti mezani taratibu, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Na mimi sikumlaumu. Mende ni mdudu, hajui kitu. Huyu alijua, akamletea maji.

Simu za Mkate zikapigwa, hazikupokelewa. Mama naye alimpigia Fundi mara kwa mara, hasira haijaisha. "Wenzake wanafuga mbwa, wanafuga njiwa," alisema. "Wewe ukampata wa kufuga mende. Nimesukutua mpaka ulimi umechubuka." Fundi akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Siku moja, akiwa amekaa dukani bila mteja, akaipokea simu ya Mkate.

"Laazizi."

"Usiniite hivyo."

"Nilikupenda, Fundi. Nilikosa njia."

"Njia ulikuwa nayo, ni mdomo. Ungesema, dada, nataka kucheza na wewe. Ningekubali siku ile ile."

"Niliogopa ungekataa."

"Ukaona heri nitapike."

Mkate akaanza kumwita jina, Fundi akamkatiza.

"Unajua kinachonichefua? Si mende," Fundi alisema. "Kila ulipokuja nilikuwa nafurahi. Nasikia ile harufu ya mkate, nafurahi, halafu nafungua mashine, natapika. Sasa vimechanganyika. Napita kwenye duka la mkate naziba pua. Umeniharibia hata furaha yangu mwenyewe." Akakata.

Jumamosi, jengo limefurika, Mkate akaja akapanga foleni kama wengine. Alivaa shati safi la kijani, mikono mitupu. Zamu yake ikafika.

"Hujaleta kitu," Fundi alisema.

"Nimekuja kusema nimekosa. Na nikupe mikono, kama una kazi."

Waliokuwa nyuma wakaanza kusonya. Fundi akainama chini ya kaunta, akatoa mashine iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umepigwa mafundo, na ndani yake vitu vinatembea.

"Hii imetoka nyumba yenye mende na paka," alisema. "Paka alikuwa anaikojolea. Pita nyuma, shika mswaki. Glavu hakuna."

Mkate akaifungua. Sitasimulia yote, mnakula. Manyoya, mkojo uliokauka ukawa ganda la njano, mende walio hai ndani ya manyoya. Mmoja akampanda shingoni akatafuta kola. Mkate akakimbilia nyuma ya pazia, akatapika mpaka machozi. Fundi aliendelea kuhudumia wateja, hakugeuka. Mkate akarudi, akashika mswaki. Akaenda tena, akarudi tena. Jua lilipokuwa linashuka nje, feni likazunguka.

Fundi akatia diski ya mpira wa Kimarekani ili waijaribu. Akampa rimoti moja.

"Nampa mkimbiaji, anapita kulia," Mkate alisema, na akafanya hivyo hivyo. Fundi akamwangusha.

"Sasa narusha, kati." Akarusha kati. Fundi akaudaka mpira akaenda kufunga.

"Sasa kulia tena."

"Mbona unanitajia?"

"Nimechoka kukuficha."

Akafungwa, akafungwa tena, mpaka Fundi akasonya akaishusha rimoti. "Mchezo gani huu sasa? Hapa danganya, ndiyo raha yake. Mimi nilitaka usinidanganye huku nje."

"Huku nje nina neno moja tu limebaki sijasema," Mkate alisema. "Nataka kukuoa. Ukikataa, umekataa, nitakuwa nimeuliza."

Fundi akamtazama. Shati la kijani lilikuwa na matapishi kifuani na mkojo wa paka kwenye mikono. Midomo ilikuwa imemkauka. Juu ya jicho, mahali ambapo kwa kawaida hukaa unga, palikuwa na kitu.

"Unanuka," alisema.

"Najua."

"Una mguu wa mende kwenye nyusi."

Mkate akainua mkono autoe. Fundi akamzuia. Akausogeza uso wake karibu, amejikunja kwa kinyaa kama mtu anayemeza dawa chungu, akautoa ule mguu kwa vidole vyake vitupu, akautupa.

"Kaoge," alisema. "Kwa mama tutakwenda wote wawili."