Mikono Isiyohesabiwa

Kila Ijumaa, madarasa yakishafagiliwa na takataka kumwagwa shimoni, wajumbe kumi na mmoja wa baraza la wanafunzi walikutana katika chumba cha darasa la sita. Katibu wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Wino kwa sababu vidole vyake havikukosa madoa ya kalamu. Alipenda kila kitu kikae mahali pake, na kitabu cha kumbukumbu za vikao alikitunza kama mboni ya jicho.

Jambo moja lilimkera mno, nalo ni wachelewaji. Basi Ijumaa moja alipendekeza kwamba mwanafunzi atakayechelewa mara tatu aondolewe kwenye timu yoyote ya michezo. Wajumbe walibishana wee, mpaka sauti zikawakauka. Mjumbe wa darasa la nne, mtoto mpole asiyezoea kusema, alikuwa amenyoosha kidole akitaka kuuliza kitu, mara kengele ikalia. Wote wakanyakua mikoba wakatoka bila kungojana. Kura haikupigwa.

Wino alibaki peke yake na kitabu. Alijua fika kwamba hakuna mkono uliohesabiwa. Lakini alijipa moyo kwamba wengi walionekana kukubali, na kungoja wiki nzima ni kupoteza muda bure. Akaandika: "Sheria imepitishwa na wajumbe." Jumatatu asubuhi nakala ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, na kila mjumbe aliyeisoma alidhani kura ilipigwa baada ya yeye kutoka.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mbio, rafiki yake wa dawati moja, tegemeo la shule katika mbio za kupokezana vijiti. Jumatano, alipochelewa kwa mara ya tatu, mwalimu wa michezo alimtaka arudishe fulana ya timu. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Mbio hakubishana. Wakati wa mapumziko alimweleza Wino kwamba siku hizi mama yake huwahi kazini kwa dobi alfajiri, kwa hiyo yeye ndiye anayempeleka mdogo wake chekechea, na geti la kule halifunguliwi mapema.

"Ningemwacha mtoto nje peke yake?" aliuliza.

Usiku ule Wino aliusoma tena na tena ule mstari alioandika kitabuni.

Kesho yake walikuwa na somo la Kiingereza. Mwalimu wa somo hilo, ambaye pia alikuwa mlezi wa baraza, aliandika ubaoni kitenzi "enact" akataka wamtajie maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nacho. Mmoja alisema kutunga sheria, mwingine kuweka, wa tatu kupitisha. Mwalimu aliyakubali yote, kisha akafafanua matumizi yake. Kutunga, alisema, ni kazi ya anayekaa na kalamu. Kuweka sheria husemwa hata nyumbani, baba anapokataza mpira sebuleni huku yeye mwenyewe ndiye aliyevunja kioo. Darasa zima likacheka.

"Lakini kupitisha kunataka watu," aliendelea. "Unaweza kuandika sheria ukaipamba kwa mwandiko mzuri. Wenye kura wasipokubali, hiyo ni karatasi tu."

Wino hakucheka. Pembeni yake Mbio alikuwa akinakili maneno yale taratibu, na Wino aliona aibu hata kumtazama. Kipindi kilipokwisha alimfuata mwalimu kwenye ujia.

"Mwalimu, ile sheria haikupitishwa. Niliandika mwenyewe."

Mwalimu alimsogeza pembeni, mbali na wanafunzi wengine. Kisha akamwuliza nani mwingine anajua. Wino akasema hakuna.

"Kwa hiyo ungenyamaza, isingejulikana."

"Ndiyo, mwalimu. Ila Mbio asingekimbia."

Mwalimu alikichukua kitabu cha kumbukumbu mkononi mwa Wino, akamwambia kwamba kesho yake, Ijumaa, yeye Wino atayasema hayo mbele ya baraza kwa kinywa chake, na Mbio akiwepo.

Akayasema. Wajumbe wawili walimkata jicho mpaka akainamisha kichwa. Alipomwomba Mbio msamaha, Mbio alimtazama usoni.

"Tunakaa dawati moja," alisema. "Ungeniuliza tu kwa nini nachelewa."

Maneno hayo yalimwuma Wino kuliko adhabu yoyote. Ndipo yule mjumbe wa darasa la nne akapata nafasi ya kuuliza swali lake la wiki iliyopita: na mwenye sababu ya kweli je? Walijadiliana, wakaongeza kwamba mchelewaji asikilizwe kwanza kabla ya kuadhibiwa. Safari hii mikono ilihesabiwa mmoja mmoja. Tisa iliafiki, miwili ikakataa. Mbio alirudishiwa fulana yake siku hiyo hiyo. Wino alivuliwa ukatibu hadi mwisho wa muhula, akabaki mjumbe wa kawaida.

Kabla ya kuwaruhusu, mwalimu alisimama.

"Sheria humkuta mtu ambaye hakuwepo mlipokuwa mnaiandika," alisema. "Ndiyo maana tunauliza, tunasikilizana, halafu ndiyo tunapiga kura. Mkiruka hatua hizo mkaandika kwamba imepitishwa, mmesema uongo, hata kama nia yenu ni njema. Na uongo ulioandikwa kwenye kitabu humwadhibu mtu asiye na kosa, bila yeye kujua aende kumlalamikia nani."